Kutoka JKT Hadi Kikosini: Niliyowaambia Vijana Wetu Wanaoingia Jeshini

Jumamosi iliyopita niliombwa kuzungumza na vijana wa kata yetu hapa Morogoro waliomaliza miaka miwili ya kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kuchaguliwa kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Wazazi wao walialikwa pia, lakini mvua ya asubuhi ile iliwazuia wengi. Nimeyaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ili waliokosa wayapate.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, maafande wenzangu wastaafu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa mstari wa mbele mkiwa mmenyoosha migongo kama vile afande wa zamu amesimama nyuma yenu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Wanangu, kaeni kwa raha. Leo hakuna gwaride.

Nimetumikia jeshi miaka mingi. Nimeingia nikiwa praiveti, nimetoka nikiwa afisa mteule, na sijawahi kuwa mtu mkubwa. Kwa hiyo sikuja kuwaeleza mambo ya majenerali. Nimekuja kuwaeleza jambo moja dogo ambalo katika miaka yangu yote sikuona likiandikwa kwenye amri yoyote ya kikosi: siku ile kijana anaposhuka kwenye lori, akiwa na sanduku lake, mbele ya geti la kikosi asichokijua, ni nani anayempokea? Na anampokeaje?

Hilo tu. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Kwanza niwatoe wasiwasi mmoja. Baadhi yenu mmeshaanza kusikia maneno, na mkifika mtayasikia zaidi. Mtaambiwa, "Nyie wa JKT ni wakulima. Mmetoka kwenye majembe." Mtu akikwambia hivyo, usigombane naye. Lakini ujue historia yako.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi. Siku iliyofuata wakaasi na wenzao wa Tabora. Walitaka mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondoke. Walikuwa na madai ya kweli, lakini walishika silaha dhidi ya nchi ambayo haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kuwanyang'anya silaha, na Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba kuwaita Waingereza lilikuwa jambo la aibu kwake. Jeshi lile lilivunjwa. Sasa jiulizeni: nchi inavunja jeshi lake, halafu inapata wapi askari? Ilikwenda kwa vijana. Iliwachukua vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, ikawachukua na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963, halijatimiza hata mwaka. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ.

Mmenisikia? Jeshi hili lilipoanza upya lilianza na watu kama nyinyi. Njia mnayoipita leo, kutoka JKT kwenda kikosini, ni ya zamani kuliko mimi nilivyo katika jeshi. Tangu siku hizo JKT imepita mengi. Kuanzia 1967 wasomi walikwenda kwa lazima, mwaka 1994 mafunzo yakasimama, mwaka 2001 yakarudi kwa vijana wa kujitolea, na mwaka 2013 wakarudi wale wa mujibu wa sheria, yaani wa lazima. Njia ilikatika ikaunganishwa tena. Basi mkifika msiinamishe vichwa.

Lakini msiviinue mno pia. Na hapo naingia kwenye hadithi yangu ya kwanza.

Miaka kama sita iliyopita binti wa jirani yangu alitoka JKT akachaguliwa, kama mlivyochaguliwa. Binti yule alikuwa moto wa kuotea mbali. Kambini alikuwa kiongozi wa makuruta wenzake, sauti yake ikitoka hanga zima, yaani bweni lote, linasimama. Maafande walimpenda. Siku ya kufunga mafunzo mama yake alilia kwa furaha hadi khanga ikalowa. Baada ya Kihangaiko, kwenye shule ya askari wapya, akapangiwa kikosi. Wiki ya pili akanipigia simu usiku.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Habari za kazi?"

Kimya. Halafu akasema, "Babu, hapa hakuna anayenijua."

Alikuwa amepewa kazi ya kufagia ofisi na kumwagilia maua. Yeye, aliyekuwa akiongoza mamia! Hakuna aliyemwonea, hakuna aliyemtukana. Ila tu hakuna aliyemuuliza alikuwa nani kambini, na siku alipojaribu kusema, askari mmoja wa zamani alimjibu, "Hapa kila mtu alikuwa kiongozi huko alikotoka."

Vijana, lisikieni hilo vizuri, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi na hakuna anayewaandaa kwalo. Kambini mlianza siku moja. Mlinyolewa siku moja, mkapewa bukta siku moja, mkalia kwa maumivu ya miguu siku moja. Mliokuwa wa kwanza mlikuwa wa kwanza miongoni mwa wenzenu wa rika lenu. Kikosini mnakuta watu wa miaka mitano, miaka kumi, miaka ishirini. Unakuta koplo ambaye amekwenda Darfur, au amekwenda Kongo akarudi bila rafiki yake. Unapanga foleni ya chakula nyuma ya mtu wa umri wa baba yako, na yeye ni praiveti kama wewe. Cheo cha kambini kinabaki kambini. Kikosini unaanza upya, na unaanzia chini kabisa.

Nilimwambia nini yule binti? Nilimwambia amwagilie yale maua mpaka yachanue. Sikuwa namfariji. Nilikuwa namwambia jinsi kikosi kinavyomtazama mgeni. Kinamtazama kwenye kazi ndogo, kwa sababu kazi kubwa hakiwezi kumpa bado. Leo ana tepe mbili begani, na mwezi uliopita aliniambia ameanza kupokea wageni yeye mwenyewe. Nilimuuliza swali moja tu: "Unawapokeaje?" Mtajua sasa hivi kwa nini nilimuuliza hivyo.

Naomba maji kidogo, mama. Asante.

Mimi niliingia JKT Ruvu mwaka 1977. Nilikuwa na miaka 19, mwembamba kama fito. Tulilima, tulikimbia, tuliimba. Kulenga shabaha tulilenga, risasi chache, kisha bunduki zikarudi ghalani na sisi tukarudi shambani. Viganja vyangu vilikuwa na sugu la jembe. La bunduki lilikuwa halijaanza. Katikati ya mwaka 1978 nikachaguliwa kuingia jeshini, na mwezi wa nane nikapangiwa kikosi cha miguu. Sitakitaja, kwa sababu nitakachosema si sifa.

Tulikuwa vijana wanane ndani ya lori. Wengine walishushwa njiani. Mimi nilifika wa mwisho, peke yangu, saa mbili usiku, na mvua ya manyunyu. Nilikuwa na sanduku la bati la kijani alilonunua marehemu baba kwa kuuza mbuzi wawili. Getini wakasoma karatasi yangu kwa tochi, wakaniambia, "Kaa hapo." Nikakaa. Saa tatu. Saa nne. Karani hayupo, mwenye funguo za ghala hayupo, sajenti meja ameshalala. Hakuna aliyeniambia neno baya, nasema ukweli. Walikuwa hawana habari kwamba ninakuja, basi. Mtu mmoja akanionyesha benchi nje ya chumba cha walinzi, chini ya kipenu, akasema nilale pale mpaka asubuhi.

Sasa nitawaambia kitu ambacho mtu mzima huona haya kukisema mbele ya watu. Usiku ule nilitaka kwenda chooni. Sikujua choo kiko wapi. Na niliogopa kuuliza. Kijana wa miaka 20 aliyefundishwa kutambaa chini ya seng'enge, naogopa kuuliza choo! Nilijua nikitembea ovyo gizani ndani ya eneo la jeshi naweza kupigwa risasi, na nikiuliza wataniona mtoto. Nikajikaza mpaka alfajiri. Usiku kucha nimekumbatia sanduku langu, tumbo linauma, nawaza kutoroka. Nawaapia, niliwaza kutoroka. Miezi kumi na minane ya JKT haikunifanya niwaze kutoroka hata mara moja, lakini usiku mmoja wa kutopokewa ulinifikisha hapo.

Alfajiri akaja koplo kubadilisha zamu. Mtu wa Songea, mfupi, mwenye kifua kipana. Jina lake nitaliacha kwa heshima ya familia yake. Akanitazama, akatazama sanduku, akatazama viatu vyangu vilivyolowa. Hakuniuliza jina. Hakuniuliza natoka wapi. Akasema, "Wewe, njoo." Akanipeleka nyuma ya majengo, akanyoosha mkono. "Choo kile pale." Akageuka. "Bomba la maji lile pale." Akaniingiza hangani, akagonga kitanda cha chuma kwa kiganja, pa! "Hiki chako. Sanduku lako linakaa chini ya hiki." Halafu akaenda jikoni akarudi na kikombe cha bati, chai ya rangi, moto unafuka, sukari imezidi. Akakaa kimya pembeni yangu mpaka nikaimaliza.

Choo, maji, kitanda. Na chai. Ilimchukua muda gani? Robo saa haikufika.

Wazazi wangu, mimi nilikula kiapo cha jeshi mbele ya bendera kabla ya siku ile. Kwa mdomo. Lakini kwa moyo, nilikuwa askari wa kikosi kile kuanzia kikombe kile cha chai.

Yule koplo ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu. Nilipokabidhiwa bunduki, SAR ya Kichina, kitako chake kimekwaruzwa na mikono ya watu walionitangulia, alinikalisha chini akanitaka nisome namba yake kwa sauti. Mara kumi. Kisha akaificha nikaisema bila kuiona. Usiku wa manane akaniamsha, akaniuliza namba. Kesho yake tukiwa tunakula ugali, akaniuliza namba. Miaka imepita zaidi ya arobaini na tano, naweza kuwasomea namba ile sasa hivi. Aliniambia, "Kambini bunduki ilikuwa ya wote. Hii ni yako. Ikipotea, hatutauliza ni ya nani."

Na aliniambia neno jingine ambalo nawapa nyinyi kama alivyonipa. Alisema, "Nyie mnaotoka JKT mnajua kufanya kazi. Kusubiri hamjui."

Ni kweli kabisa! Kambini hamkuwa na dakika ya kupumua. Filimbi, mchakamchaka, uji, shamba, kwata, chakula, shamba tena, rokoo ya kuhesabiwa, kulala. Mkifika kikosini mtashangaa kuona jinsi kazi ya askari ilivyo kusubiri. Unasimama lindo kwa saa mbili gizani na hakuna kinachotokea. Unafuta vumbi kwenye redio ya mawasiliano ambayo ilifutwa jana. Unakagua gari ambalo halitoki. Kijana akifika hapo anachoka, anaona anapoteza muda, anaanza kusinzia, anaanza simu. Nyinyi wa leo, simu! Kaka zenu walipata adhabu kwa kuvuta sigara lindoni. Nyinyi mtaadhibiwa kwa mwanga wa kioo cha simu, ambao adui anauona kutoka mbali kuliko sigara. Jifunzeni kusubiri macho yakiwa wazi. Hiyo ndiyo kazi.

Niseme kidogo kuhusu fedha, kisha niliache, maana wazazi mnalijua kuliko mimi.

JKT mlikuwa na posho ya sabuni. Sasa mtapata mshahara. Rafiki yangu tuliyetoka naye Ruvu alipopata mshahara wa kwanza alinunua redio ya Philips kwa malipo ya kwanza, suruali mbili za bugaluu kwa mkopo, na akawanywesha watu bia baa nzima ili wamjue. Walimjua kweli. Mwisho wa mwezi wa pili watu watatu walikuwa wanamsubiri nje ya geti, na aliponyoosha mkono mezani kwa mlipaji, fedha ile ilipita mkononi mwake kama maji. Redio ikauzwa. Mimi sikuwa na akili kumzidi. Nilikuwa na koplo tu. Alinipeleka posta mwenyewe, akasimama nyuma yangu mpaka nikamtumia mama hawala. Mama alipofariki tulikuta stakabadhi zile zote kwenye kibweta chake, zimefungwa kwa uzi wa kushonea, tangu ya kwanza.

Leo hakuna mtu anayekusubiri getini. Anakusubiri ndani ya simu. Mikopo ya kausha damu, mikeka ya mpira. Kwa askari mwenye silaha, madeni ni hatari kwake na kwa wenzake. Ukikwama, mwambie mkubwa wako mapema, kabla hujazama. Nimemaliza hilo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo na goti hili.

Nilifika kikosini mwezi wa nane 1978. Mwishoni mwa mwezi wa kumi majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera. Tarehe 2 Novemba tulimsikiliza Mwalimu redioni, tumejikusanya kwenye bwalo, hakuna anayekohoa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu waliruka, wakapiga kelele. Mimi nilimtazama koplo wangu. Yeye hakuruka. Alikuwa anatuhesabu sisi vijana wake, mmoja mmoja, kwa macho.

Tukapanda treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba. Tulipovuka mto Kagera, daraja la Kyaka likiwa limelipuliwa, tulikuta vijiji vimechomwa, ng'ombe wameswagwa, kiwanda cha sukari kimeporwa. Sitaeleza zaidi, kuna watoto humu.

Vita ilipoendelea jeshi likapanuka haraka. Wakaja mgambo kutoka vijijini, wakaja polisi, wakaja magereza, wakaja na vijana wa JKT moja kwa moja kutoka kambini. Januari 1979, kabla hatujaiendea Mutukula, pale mpakani, usiku mmoja wa mvua lori likashusha mgambo karibu na mahandaki yetu. Koplo wangu akaniambia maneno matatu tu: "Wapokee hao wako."

Mimi! Nina miezi mitano kikosini!

Nikatoka. Wamesimama matopeni, kimya, kila mtu ameshika alichoshika. Wa kwanza aliyenikaribia alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza masikioni, mkulima kabisa, mikono kama ya baba yangu. Akanipigia saluti. Akaniita afande. Nilitaka kumwamkia shikamoo, ulimi ukakwama. Nikamwona anatazama huku na huku gizani, miguu haitulii, na ghafla nikajua. Nikajua kabisa anatafuta nini na anaogopa kuuliza nini.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mzee, njoo. Choo kile pale, shika kamba hii usipotee. Maji yapo kwenye dumu lile. Wewe utalala hapa, pembeni yangu."

Yule mzee alishusha pumzi, nikaisikia katikati ya mvua. Chai hatukuwa nayo usiku ule, hatukuruhusiwa kuwasha moto. Nilimpa nusu ya biskuti yangu ngumu. Tulipigana pamoja mpaka Kampala, tukaingia mwezi wa nne, na yeye alirudi salama kwao akalima mpaka uzeeni. Tuliandikiana barua. Katika kila barua, kabla ya salamu za watoto na mavuno, aliandika, "Nakumbuka ulinionyesha choo." Watu wangecheka. Mimi nilikuwa silicheki neno lile.

Koplo wangu hakufika Kampala. Kipande cha kombora kilimpata Machi, kule kwenye barabara ya matope karibu na Lukaya, Uganda. Amelala Kaboya, Muleba, pamoja na mashujaa wengine. Nimekwenda Julai 25, Siku ya Mashujaa, mara mbili katika maisha yangu. Mara ya pili nilibeba kikombe cha bati. Mlinzi wa pale aliniuliza ni cha nini, nikashindwa kumjibu.

Maafande wenzangu, mnaona ninakoelekea. Tunapenda kusema kijana wa siku hizi ni laini, kijana wa siku hizi hana adabu. Tuliwapokeaje? Wangapi wetu tulifika tukalazwa kwenye benchi, halafu tulipopata tepe tukawalaza wengine kwenye benchi, tukaita hiyo ni kukomaza? Kumtesa mgeni hakumkomazi. Kilichonikomaza mimi ni namba ya bunduki saa nane ya usiku, kutoka kwa mtu aliyenipa chai asubuhi. Alikuwa mkali yule koplo, tena mkali kweli. Lakini ukali wake ulianzia ndani ya nyumba, baada ya kunikaribisha.

Na nyinyi ambao vijana wenu hawakuchaguliwa, sijawasahau. Najua baadhi yenu mmekaa nyuma kule, mmekuja mkiwa na moyo mzito. JKT yenyewe husema wazi kila inapotangaza nafasi kwamba haitoi ajira. Inasema, lakini kijana aliyetoa miaka miwili hasikii hivyo moyoni. Mnakumbuka Aprili 2021, vijana zaidi ya 800 waliondolewa makambini kwa sababu walitaka kuandamana kudai waajiriwe. Walijenga, walijitoa, walitumaini. Sitetei utovu wa nidhamu, mimi ni askari. Lakini nilipata faraja Rais Samia alipowasamehe wakarudi, kwa sababu niliyajua yale maumivu: umesimama getini na sanduku lako, na hakuna anayekwambia uende wapi.

Kwa hiyo nakuombeni, wazazi. Kijana akirudi nyumbani bila kuchaguliwa, msimuulize siku ya kwanza kwa nini wenzake wamechukuliwa. Atawaambia akiwa tayari. Ana miaka miwili ya kuamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa. Ana fundi ndani yake, ana mkulima, ana mlinzi. Mpokeeni. Mwonyesheni kitanda chake bado kipo. Na kama una shamba, una gereji, una duka, mpe kazi ya wiki moja umwone.

Nyinyi mnaokwenda, mtapita Kihangaiko kwanza, halafu mtatawanyika. Wengine mtakwenda baharini, wengine anga, wengine mpakani ambako mtandao haushiki. Mtafika usiku. Lori huwa zinafika usiku, sijui kwa nini. Kama hakuna aliyekuja kukupokea, uliza. Uliza choo, uliza maji, uliza unalala wapi, kwa sauti, ukiwa umesimama wima. Hakuna aibu. Mimi niliona aibu, na ule ndio usiku pekee katika utumishi wangu wote niliotaka kukimbia.

Na siku mtakapopata tepe ya kwanza, mtakuwa kwenye zamu alfajiri moja, mtamkuta mtoto wa mtu amekaa kwenye benchi amekumbatia begi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Hapa ukumbini nimewaona maafande wastaafu wasiopungua kumi na wawili. Vijana ni kumi na mmoja, nimewahesabu. Naomba kila afande asimame sasa hivi, achague kijana mmoja, akae naye pembeni, ampe namba yake ya simu, amwambie habari za usiku wake wa kwanza kikosini. Sajini, wewe anza, mchukue yule binti aliye mwisho wa mstari. Mama zetu wa jikoni, chai tayari? Basi ileteni, na sukari msiibane.